Uliza Mwalimu: Nataka fizikia ya hospitali, nijaze kozi gani?

SWALI: Mwalimu habari yako. Mimi niko Njoro, nilimaliza fom foo nikapata B+ na fizikia nikatoka na A-. Shangazi yangu alikuwa anaenda Nakuru kuchomwa ile mionzi ya saratani, siku moja nikamsindikiza nikaona jamaa amekaa kwa kompyuta imejaa picha za kifua cha mtu na mistari ya rangi rangi, nikaambiwa huyo si daktari ni mwanafizikia. Tangu hapo nataka hiyo kazi tu. Shida kwa KUCCPS, pale tunapojaza kozi za chuo, sioni kozi ya jina hilo hapa karibu, na mjomba anasema hakuna kitu kama hicho, nijaze unasi, yaani uuguzi. Nishike lipi?
Msichana wa Njoro

JIBU: Binti yangu, kazi iko, na wewe umeiona kwa macho yako kumshinda mjomba. Zamani ungeambiwa uende Kenyatta Nairobi, ndiyo ilikuwa hospitali ya serikali peke yake yenye mionzi ya kutibu kwa miaka mingi sana, lakini sasa Nakuru iko, Eldoret iko.

Hilo jina la kozi lisikusumbue. Jaza digrii ya fizikia ya kawaida. Egerton iko hapo mlangoni kwako, Maseno wana idara ya fizikia, Masinde Muliro Kakamega pia, Moi pia. Hata ungepata kozi iliyoandikwa fizikia ya tiba kutoka mwaka wa kwanza mimi bado ningekwambia uanze na fizikia yenyewe, kwa sababu digrii ya kwanza peke yake haikufanyi uwe huyo jamaa uliyemwona. Shirika la nguvu za atomiki duniani, IAEA, linashauri hivi: digrii ya fizikia au inayokaribiana nayo, halafu mastaz ya fizikia ya tiba, halafu angalau miaka 2 hospitalini ukifanya kazi chini ya mtu anayeijua. Piga hesabu ni karibu miaka minane, na hapo sijahesabu migomo ya wahadhiri. Kuna njia moja wengi hawaijui, kituo cha kimataifa cha fizikia, ICTP, kule Trieste, Italia, wana mastaz ya miaka 2, mwaka wa kwanza ni darasa na wa pili unawekwa hospitalini, na inalenga hasa wanafunzi wa nchi kama zetu. Wanataka uwe na fizikia. Si biolojia, fizikia.

Sasa kazi yenyewe. Daktari wa saratani anaandika dozi, tuseme grei 50 (grei ndiyo kipimo cha dozi ya mionzi) igawanywe mara 25, siku tano kwa wiki, kwa hivyo mgonjwa atakuja wiki tano. Yeye anachora pale ugonjwa uko. Mwanafizikia na wenzake ndio wanapanga miale itoke pembe gani na gani ili ugonjwa ule dozi yote na moyo na pafu zipone, na ndiye anahakikisha kwamba mashine ikisema imetoa grei 2 kweli imetoa 2. Anapima kwa tangi la maji, kwa sababu mwili wa binadamu mbele ya mionzi unafanana sana na maji, na kipimo kikipotoka kwa asilimia chache tu wanasimama kwanza wajue ni kwa nini. Ile hafu-laifu mliyokariri ya KCSE hapa inakuwa ya maana. Mashine za zamani zilitumia kobalti-60, madini yanayotoa mionzi yenyewe, ambayo hafu-laifu yake ni miaka 5.27, yaani baada ya miaka mitano na kidogo nguvu yake imebaki nusu, na mgonjwa analala kwa meza mara mbili ya muda ule wa kwanza kwa dozi ile ile, na asipokuwepo mtu wa kupiga hiyo hesabu watu wanapewa dozi nusu na hakuna anayejua.

Lakini nikwambie ukweli, nafasi si nyingi na mgonjwa akipona atamshukuru daktari, wewe hatakujua. Kama unataka kushika wagonjwa na kuanza mshahara mapema, diploma ya mambo ya eksirei pale chuo cha tiba cha KMTC au huo unasi wa mjomba si kitu cha kudharau. Kama ni ile kompyuta na mistari ya rangi ndiyo imekukosesha usingizi, jaza fizikia.

SWALI: Niko mwaka wa pili fizikia, Maseno. Niongeze anatomia ama programing?
Kijana wa Luanda

JIBU: Programing, anza na Python, na takwimu usiziruke. Anatomia utafundishwa kwa mastaz. Masomo ya sumaku-umeme na nyuklia usiyapite kwa C za kuokolewa, na atachimenti omba hospitali yenye mionzi mapema kabla wenzako hawajaamka.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzazi hapa Kisumu. Msichana wangu anataka kusomea hayo mambo ya mionzi na akina mama wa chama wananiambia hatazaa. Ni kweli?
Mama wa Nyalenda

JIBU: Si kweli mama. Mfanyakazi wa mionzi ana kikomo, wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka (milisiveti ndiyo kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), na wengi hata hawakaribii hapo. Mimi na wewe tukikaa tu nyumbani mawe na hewa na anga vinatupa kama 2.4 kwa wastani wa dunia. Mashine ya linaki, ile inayotoa mionzi ya kutibu kwa umeme, iko ndani ya chumba cha zege nene ajabu, ikiwashwa anayebaki humo ni mgonjwa peke yake, na ikizimwa eksirei zinaisha kama taa. Atavaa kibeji kinachohesabu kila anachopata. Akipata mimba amwambie mkubwa wake mapema, kwa maana kutoka hapo kikomo cha mtoto aliye tumboni ni milisiveti 1 tu mpaka azaliwe, na kazi yake inapangwa upya asikaribie hata hiyo.