Pima foleni kwanza, ndipo uguse kerneli

Wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, upande wa mtandao, msidhani intaneti ya kusuasua ya huku Kigoma inawanyima nafasi. Mimi nilijifunzia Mwanga, kwa bando la simu, na kuchelewa kule ndiko kulikonifundisha kazi.

Jioni moja nilikuwa napakia faili huku nimeacha ping, amri inayopima muda wa jibu kurudi, inakimbia pembeni. Kabla ya kupakia, jibu lilirudi chini ya milisekunde 100. Nilipoanza kupakia, likapanda hadi sekunde 2, na hakuna pakiti (kipande cha data) iliyopotea. Zote zilikuwa zimekaa foleni. Pigeni hesabu: bafa, yaani sehemu ambamo pakiti hungojea, ya kilobaiti 256 mbele ya njia inayopitisha megabiti 1 kwa sekunde ikijaa, pakiti ya mwisho inangoja kama sekunde 2. Ukiipanua bafa, unarefusha kungoja tu. Anayepeleka mizigo Kibirizi analijua hili: mstari wa magunia ukirefuka ufukweni, boti haiondoki upesi zaidi.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, mbinu ya kusimamia foleni ya pakiti. Haijali foleni ina urefu gani; inaangalia pakiti imekaa humo muda gani. Kungoja kukizidi milisekunde 5 bila kushuka kwa milisekunde 100 nzima, inaanza kudondosha pakiti, na anayetuma anapunguza kasi. Mwaka huohuo Eric Dumazet akaiunganisha na mpango wa kuipa mikondo ya mawasiliano foleni tofauti, ili upakiaji wa mmoja usimzibie mwingine simu yake. Hiyo ndiyo fq_codel, iliyoingia Linux 3.5. Fungueni faili lake, net/sched/sch_fq_codel.c. Halifiki mistari elfu moja, nalo kwangu ni mwalimu bora kuliko kozi nyingi. Kwa sababu ni programu huria, mnalisoma lote bila kumwomba mtu ruhusa.

Kosa langu kubwa lilikuwa pachi ya kwanza, yaani badiliko la msimbo nililowatumia wasimamizi wa kerneli. Niliondoa sharti moja kwenye msimbo, nikaamini nimeongeza kasi. Msimamizi akaniuliza vipimo viko wapi. Sikuwa navyo. Nilipopima, tofauti haikuwepo: mstari ule ulikuwa haupitiwi na pakiti nyingi. Perf, zana ya kupima utendaji, ingenionyesha hivyo kwa dakika chache. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo sigusi kitu kabla ya kupima.

Maabara hamhitaji. Laptopu moja inatosha: tengenezeni mitandao miwili ndani yake kwa ip netns, iunganisheni kwa veth, ambayo ni kama waya wa kubuni, kisha ongezeni ucheleweshaji kwa tc netem. Bando haliguswi. Linaloguswa ni kushusha kerneli yenyewe, maana historia yake nzima ni gigabaiti kadhaa. Anzeni na git clone --depth 1, inayoacha historia hiyo.

Kabla ya kutuma, pitisheni pachi kwenye checkpatch.pl, inayokagua mtindo wa msimbo, na get_maintainer.pl iwaambie mtumie nani. Marekebisho ya hitilafu huenda kwenye mti (hazina ya msimbo) wa net, mambo mapya kwenye net-next, ambao hufungwa kama wiki mbili kila toleo jipya la kerneli linapoanza kukusanywa. Andikeni vipimo ndani ya maelezo ya pachi. Na toleo la pili la pachi lisitumwe kabla ya saa 24 kupita, hata kama mmekosea herufi moja: wengine wa kulisoma wako upande wa pili wa dunia, bado wamelala.