Unasoma saikolojia na nyumbani wanauliza utakuwa nani? Jibu langu kuhusu kazi na masta

Mdogo wangu, nimeusoma uzi wako wote na majibu ya wadau. Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenye uzi yuko mwaka wa pili, shahada ya saikolojia ya miaka mitatu, GPA (wastani wa alama) 3.4, na anapenda upande wa tiba. Kila likizo baba yake anamuuliza "ukimaliza unakuwa nani hasa?" Anataka kujua kama aunganishe masta moja kwa moja au atafute kazi kwanza, GPA hiyo itambana kiasi gani, na kama ni kweli kwamba bila kwenda nje kozi hii hailipi. Wadau karibu wote wamemwambia abadilishe kozi. Mimi nimesoma kozi hiyohiyo hapahapa Tanzania, nikafanya kazi kwenye miradi, nikarudi kusoma masta ya saikolojia tiba, na sasa naona wagonjwa hospitalini na kusimamia wanafunzi wa fildi (mafunzo kwa vitendo). Habari ya kubadilisha kozi sina.

Ila baba yako ana hoja. Anayesoma uuguzi anatoka muuguzi, anayesoma ualimu anatoka mwalimu. Shahada ya kwanza ya saikolojia haikupi cheo. Ndiyo maana inabidi uchague upande mapema, na kwako "mapema" maana yake ni kabla mwaka huu haujaisha, kwa sababu kila upande una maandalizi yake na ukisubiri mahafali utakuwa umeshachelewa fildi na tasnifu, vitu viwili pekee ambavyo mwajiri anaweza kuvishika mkononi.

Pande ziko tatu. Kuna tiba, kuna utafiti, na kuna shule na ustawi wa jamii. Wengine watakutajia rasilimali watu. Ipo, lakini huko unashindana na waliosoma hiyo rasilimali watu yenyewe, kwa hiyo jiandae kusoma nyongeza.

Nianze na tiba maana ndiyo uliyoitaja. Mweleze baba kwamba daktari wa akili ni daktari kamili wa binadamu aliyekwenda kubobea, na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Anapima, anafanya tiba ya mazungumzo, na anafika hapo kwa masta. Muhimbili (MUHAS) wanayo, Makerere wanayo, Chuo Kikuu cha Nairobi pia. Kwa shahada ya kwanza unaweza kusaidia, kunasihi chini ya usimamizi, kuendesha vikundi. Ofisi yoyote itakayokukabidhi mgonjwa wa akili peke yako ukiwa na shahada hiyo tu, kimbia, hata kama wanakuita "daktari" mbele ya watu.

Sasa fildi. Wanafunzi wengi wanachagua ofisi iliyo karibu na nyumbani ili wasilipe chumba, wanaishia kupanga mafaili na kutumwa kutoa kopi. Wewe tafuta mahali penye watu wenye shida na mtu wa kukusimamia. Hospitali ya Mirembe pale Dodoma, vitengo vya afya ya akili kwenye hospitali za rufaa, kliniki za CTC za wanaoishi na VVU, vituo vya mkono kwa mkono vinavyopokea waliofanyiwa ukatili, soba hausi (nyumba za wanaoacha dawa za kulevya), kliniki za methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ambazo ya kwanza hapa kwetu ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Omba mapema, kwa barua ya chuo, na ufuatilie kwa miguu. Barua pepe peke yake inalala.

Nikupe mfano wa unachokwenda kuchukua huko. Kwenye fildi yangu aliingia mama mmoja wa makamo, amekaa ukingoni mwa kiti na pochi kaikumbatia. Anasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, usingizi hakuna, na vipimo vyote vya maabara safi. Mimi nilikuwa na karatasi ya maswali ya sonona tayari, kalamu imeshatoka. Msimamizi wangu akaiweka karatasi pembeni, akamuuliza: "Mama, ukiamka alfajiri kabla hujashuka kitandani, jambo la kwanza linalokujia ni lipi?" Mama akanyamaza kidogo, kisha akaanza kueleza habari za mtoto wake wa kiume ambaye hajapiga simu tangu aondoke kwenda kutafuta maisha. Karatasi tuliijaza baadaye, na majibu yalikuja yenyewe. Hicho hakimo kwenye slaidi za darasani, na kwenye usaili wa masta wakikuuliza "tueleze ulichojifunza kwa mgonjwa", hapo ndipo utakapokuwa na la kusema.

Kila siku ya fildi andika kwenye daftari: tarehe, saa ngapi, ulifanya nini, chini ya nani. Usiandike jina la mgonjwa wala kitu cha kumtambulisha. Mwisho wa wiki msimamizi asaini. Siku ukiomba masta au ufadhili, una ushahidi wa saa zako; wenzako watakuwa na cheti cha kushiriki tu.

Utafiti ni upande ambao watu wa saikolojia wanaudharau bure. Taasisi za utafiti wa afya kama NIMR, Ifakara na MITU pale Mwanza, pamoja na miradi ya vyuo, huchukua wasaidizi wa utafiti kwa mikataba mifupi. Wanataka mtu anayejua kukaa na mhojiwa bila kumlazimishia jibu, anayeweza kutumia tableti yenye ODK au KoboToolbox (programu za kukusanyia data), na anayenukuu mahojiano kwa uaminifu. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa inaweza kukula sehemu kubwa ya siku ukiiandika vizuri, na kazi hiyo wengi wanaikwepa, kwa hiyo ukiifanya vizuri mara ya kwanza wanakuita tena. Vyeti vya maadili ya utafiti na kanuni za utafiti wa kitabibu (GCP) vinapatikana mtandaoni bila malipo. Chukua likizo hii. Na takwimu usizikimbie. R, programu ya takwimu, ni ya bure, na mwanasaikolojia anayeweza kusafisha data na kueleza jedwali kwa Kiswahili cha kawaida hakai mtaani muda mrefu.

Hapo hapo tasnifu. Usichukue mada pana ya "athari za mitandao ya kijamii kwa vijana". Chukua swali dogo, watu unaoweza kuwafikia, kipimo ambacho kimeshajaribiwa kwa Kiswahili, na msimamizi anayesoma kazi za wanafunzi wake. Huyo wa mwisho ulizia kwa waliokutangulia. Wanajua nani anarudisha rasimu ina wino na nani anairudisha safi kama alivyoipokea.

Shule na ustawi wa jamii nitapita haraka maana wadau wawili wameeleza vizuri juu huko. Nafasi za serikali zinatangazwa Ajira Portal. Soma sifa za kila tangazo neno kwa neno, kwani tangazo moja linaitaja saikolojia na la pili linaiacha. Mashirika yanayohudumia wakimbizi kule Kigoma, kama kambi ya Nyarugusu, yamekuwa yakihitaji watu wa msaada wa kisaikolojia, na ukijua Kirundi au Kifaransa hata kidogo unawaacha wenzako mbali. Jifunze huduma ya kwanza ya kisaikolojia na ile programu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya vikao vitano vya kusaidia watu wenye msongo, iitwayo PM+, ambayo imetengenezwa ili itolewe na watu wasio wataalamu wakisimamiwa, na imefanyiwa majaribio Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili. Ila tuambizane ukweli: tangu Marekani ilipozuia misaada yake Januari 2025, ajira za miradi zimepukutika, hasa za unasihi wa VVU. Usipange maisha yako yote juu ya mradi mmoja.

GPA. 3.4 ni daraja la pili la chini, 3.5 ni la pili la juu. Pointi moja hiyo ya desimali ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu vyuo vingi vya Uingereza na wafadhili wengi wanakata hapo. Kama umefika nusu ya kozi, unahitaji wastani wa 3.6 kwa nusu iliyobaki. Ukisubiri mpaka mwaka wa tatu uanze, itakuwa 3.7. Zote zinawezekana. Kama ndoto yako ni kubaki chuoni kufundisha, vyuo vya umma huanzia 3.8 kwa mkufunzi msaidizi, na hapo sitakudanganya, ni mlima. Kwa masta za hapa nyumbani 3.4 haikufungii mlango. Usipate supu (mtihani wa kurudia) tu.

Barua za mapendekezo zinawaangusha watu wengi kuliko GPA. Nimeziona kwa sababu sasa naombwa kuziandika. Barua ya mwalimu asiyekujua inasema wewe ni mtiifu, mwenye bidii, na ulipata B+. Ya mwalimu anayekujua inasema: "Alikuja ofisini kuniuliza kwa nini wahojiwa wa kike waliruka swali la saba, kisha akaenda mwenyewe kubadilisha mpangilio wa maswali." Kamati inasoma ya pili mara mbili. Kwa hiyo kuanzia muhula huu chagua walimu watatu. Kaa mbele, nenda ofisini na swali la kweli, jitolee kumsaidia mmoja kazi ya utafiti hata ya kupanga marejeo. Ukija kuomba barua, mpe wiki tatu au nne, na umpelekee CV, maelezo yako binafsi na tarehe ya mwisho kwenye ukurasa mmoja. Mwalimu wa Bongo ana wanafunzi mamia, mrahisishie.

Kwenye maelezo binafsi, ukianza na "tangu utotoni nimependa kusaidia watu", futa. Wote wanaanza hivyo, hata wanaoomba uuguzi na uchungaji. Anza na swali linalokukera. Mfano: kwa nini vijana wa soba hausi fulani wanarudia matumizi wiki za mwanzo baada ya kurudi kwao, na wewe uliona nini huko fildi. Halafu eleza ni nani kwenye chuo hicho anafanya kazi karibu na swali hilo.

Sasa nje, maana hapa watu wanapotea na hela za ukoo. Masta ya mwaka mmoja Uingereza, hata iandikwe saikolojia tiba kwenye cheti, haikufanyi mwanasaikolojia tiba kule. Jina hilo linalindwa kisheria, linasajiliwa na HCPC, mamlaka ya kule inayosajili wataalamu wa afya, na njia yake ni shahada ya udaktari ya miaka mitatu. Masta hiyo ni nzuri kwa utafiti, sera na afya ya jamii. Nenda ukiwa unajua hivyo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka saa 2,800 za kazi na urudi nyumbani miaka miwili baada ya kumaliza, kwa hiyo kuunganisha moja kwa moja kunakutoa. Afrika Kusini kabla ya masta wanadai mwaka wa "honours", yaani mwaka mmoja wa masomo juu ya shahada ya kwanza, na ukitaka kusajiliwa kule kama mwanasaikolojia tiba kuna mwaka wa mafunzo kazini na mwingine wa kuhudumia jamii. Marekani ni kinyume cha tunavyodhani: PhD mara nyingi ndiyo yenye ufadhili kamili na unaweza kuomba ukiwa na shahada ya kwanza tu, wakati masta nyingi unalipa mwenyewe. Lakini nafasi za PhD ya tiba ni chache mno, maombi mengi yanafungwa Desemba, na wanachagua mtu ambaye swali lake linaendana na la profesa. Mwandikie profesa barua pepe fupi: nani wewe, umefanya nini, swali lako, na je, mwaka huu anapokea wanafunzi? Mistari kumi inatosha. Wengi hawatajibu, usijisikie vibaya.

Kwa hiyo kazi au masta kwanza? Ukichagua tiba, tafuta kazi mwaka mmoja au miwili kwanza, hata ya kujitolea yenye nauli tu. Ukikaa na watu wenye maumivu utajua kama unaiweza, na wengine wanagundua hawaiwezi, jambo ambalo ni afadhali kuligundua kabla ya kulipa ada. Ukichagua utafiti na ufadhili umepatikana, nenda, usisubiri. Kitu ambacho sikishauri ni mzee kuuza shamba ulipe masta mwezi mmoja baada ya mahafali kwa sababu tu hukupata kazi. Utarudi na vyeti viwili na swali la baba likiwa palepale. Yeye mwambie hivi: "Mwaka huu natafuta fildi hospitalini, mwakani tasnifu, kisha kazi, kisha masta." Wazee wanatulia wakisikia ratiba.

Na wale watakaokwambia kwenye harusi "hebu nisomee akili yangu", wazoee, hawaishi.

Dada wa Mombasa uliyeuliza kule mwanzo kama unaweza kufungua ofisi ya ushauri nasaha kwa shahada uliyonayo: kwenu Kenya kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na ina Bodi yake inayosajili. Kabla hujalipia chumba wala kuchora bango, wasiliana na Bodi, ulizia daraja gani la usajili linaendana na cheti chako na wanataka saa ngapi za usimamizi, na jibu lao ulipate kwa maandishi. Msimamizi mtafute sasa hivi, maana hao ni wachache na wateja wako wa kwanza hutaweza kuwabeba peke yako.