Mama anaona watoto kwenye kona: ni macho au ni akili?

*Maswali ya wasomaji hujibiwa na muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika kliniki ya macho na wodi ya wazee.*

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Ninamuuguza mama yangu mwenye miaka 81. Ana presha ya macho ya siku nyingi, na mwaka juzi daktari alituambia ana dimenshia, ule ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na akili. Sasa anakataa kuingia bafuni. Akifika mlangoni anang'ang'ania fremu na kupiga kelele kwamba tunataka kumtumbukiza shimoni. Jioni anasema kuna watoto wamekaa kwenye kona ya sebule, wamevaa nguo nzuri, hawasemi kitu. Nikimshika nimsaidie, ananipiga. Chakula anakula cha upande mmoja wa sahani, cha upande wa pili anakiacha. Kaka zangu wanasema ugonjwa umepanda, hakuna la kufanya. Nimechoka, na sasa naanza kumwogopa mama yangu mwenyewe. *Kitinda mimba*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi hiyo. Kaka zako wana haki ya kuwa na wasiwasi, lakini wamefika haraka mno kwenye "hakuna la kufanya". Katika hayo yote uliyoandika, sioni hata moja ambalo ningelitupia dimenshia kabla ya kuuliza kwanza: mama anaona nini pale alipo?

Tuanze na bafu. Nenda usimame anaposimama yeye, uinamishe kichwa kama anavyoinamisha, utazame sakafu. Ukikuta kizulia cheusi au cha buluu iliyokoza juu ya sakafu nyeupe, shimo lenyewe ni hilo. Jicho lenye glakoma, yaani hiyo presha ya macho, hupoteza uwezo wa kutofautisha rangi zinazokaribiana na kupima kina, na ubongo wenye dimenshia hauwezi tena kusahihisha kwa kujiambia "hiki ni kizulia tu, nimekikanyaga miaka yote". Ondoa kizulia. Kama sakafu inang'aa, ifute ikauke kabisa, maana mng'ao huonekana kama maji. Kama choo, kiti chake na ukuta vyote ni vyeupe, tafuta kiti cha choo chenye rangi kali, na hata vyuma vya kushikilia viwe na rangi inayojitenga na ukuta. Nimeona wazee walioitwa wakaidi wakiingia bafuni wenyewe baada ya kitu kidogo kama hicho kubadilishwa.

Halafu taa. Kufikia umri wa miaka 60, mwanga unaofika kwenye retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, ni kama theluthi tu ya ule unaomfikia kijana wa miaka 20, na mama yako ameshaipita 60 kwa mbali. Wewe unaona sebule ina mwanga wa kutosha, yeye yuko gizani. Washa taa kabla jua halijazama, usingoje giza. Mwanga uenee chumba kizima bila kumchoma machoni, na mapazia yafungwe mapema, kwa sababu kioo cha dirisha usiku humwonyesha mtu sura yake mwenyewe, naye akadhani kuna mgeni anamchungulia.

Sasa hao watoto. Mwaka 1760 msomi wa Geneva aitwaye Charles Bonnet aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee aliyekuwa na mtoto wa jicho na akili zake timamu, lakini aliyekuwa akiona watu, ndege na majengo ambayo hayakuwepo. Hali hiyo leo inaitwa kwa jina la Bonnet. Macho yakipunguza habari yanazoupelekea ubongo, ubongo wenyewe huanza kujitengenezea picha. Mara nyingi picha hizo ni wazi sana na hazina sauti, kama hao watoto wa mama yako. Mzee asiye na dimenshia kwa kawaida hung'amua kwamba si kweli. Mwenye dimenshia anaweza kushindwa kung'amua.

Usibishane naye, na wala usijifanye unawaona. Muulize: "Mama, wanakutisha?" Kama hawamtishi, hakuna haja ya vita. Kama wanamtisha, ongeza mwanga, mwambie ageuze macho kushoto na kulia mara kadhaa, au mhamie chumba kingine, mara nyingi picha hukatika. Lakini daktari ni lazima aambiwe, kwa sababu ipo aina ya dimenshia, ya miili ya Lewy, ambayo nayo huleta maono ya namna hii. Na hapa nakuomba uwe mkali: mtu akitaka kumpa dawa ya kutuliza akili kama haloperidoli kwa sababu tu anaona watoto, uliza kwanza kama aina hiyo ya Lewy imechunguzwa. Wagonjwa wake wanaweza kudhurika vibaya na dawa hizo, hata kufariki.

Kukupiga nako kuna maelezo. Glakoma hula kwanza uwezo wa kuona pembeni. Ukimjia kwa ubavuni, yeye hakuoni unakuja. Anachokijua ni kwamba kuna mkono umemkamata ghafla. Wewe ungefanya nini? Mjie kwa mbele, usimame karibu, anza na jina lake na lako: "Mama, ni mimi kitinda mimba wako. Nimeleta sweta. Nakushika mkono wa kulia." Kisha nyamaza, umpe muda. Dimenshia inataka sentensi moja kwa wakati, na kutoona kunataka sentensi hiyo iseme kitu ambacho macho yangekisema. "Kaa pale" haimsaidii hata kidogo. "Kiti kiko nyuma ya magoti yako, kiguse" inamsaidia. Ukimtembeza usimsukume kwa nyuma. Mpe kiwiko chako akishike, utangulie nusu hatua. Na ukitoka chumbani mwambie unatoka, asibaki akizungumza na kiti kitupu.

Sahani ndiyo imenitia shaka zaidi. Safari ijayo akila upande mmoja, usiseme kitu, izungushe tu ili chakula kilichobaki kije upande anaokula. Akiendelea kula, basi hakushiba, hakukiona. Glakoma inaweza kufanya hivyo, lakini kupoteza upande mzima kunaweza pia kuwa alama ya kiharusi ambacho hakuna aliyekigundua. Angalia kama ni upande uleule kila siku, na kama anagonga milango kwa bega la upande huo, kisha mpeleke kwa daktari na habari hizo. Wakati huohuo tumia sahani yenye rangi inayopingana na chakula.

Matone ya macho yasiachwe. Ayapewe na mtu, asiachiwe chupa. Mwambie kabla mkono haujafika usoni, mwache ashike kifundo cha mkono wako unapoweka, kisha bonyeza taratibu kona ya ndani ya jicho kwa dakika moja au mbili ili dawa isiingie sana mwilini. Kama matone ni ya aina mbili, acha dakika tano katikati.

Jambo moja la haraka: kama mabadiliko haya yalianza ndani ya saa au siku chache, usifuate ushauri wangu wa mazulia na taa. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au dawa mpya huweza kumvuruga mzee ghafla, na hilo linatibika.

Na kuhusu uchovu wako: kaka zako waliotoa hukumu wachukue zamu. Waandikie siku na saa, usiwaombe kwa ujumla.

SWALI: Baba ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Tulipouliza kuhusu upasuaji tuliambiwa haina maana, kwa kuwa ana dimenshia na "hata akiona atasahau". Ni kweli? *Msomaji*

JIBU: Si kweli, na maneno hayo yananiuma kila ninapoyasikia. Mtu haoni ili akumbuke kesho. Anaona ili asianguke leo, amjue anayemlisha, apate mlango wa choo.

Mwaka 2024 Tume ya Lancet kuhusu dimenshia, jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet, iliongeza upungufu wa kuona usiotibiwa kwenye orodha yake ya vihatarishi 14 vinavyoweza kupunguzwa. Kabla ya hapo, mwaka 2021, utafiti uliofuatilia wazee zaidi ya 3,000 nchini Marekani uliona kwamba waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipata dimenshia kwa kiwango cha chini, kama asilimia 30 pungufu. Hilo halithibitishi kwamba upasuaji huzuia dimenshia, na kwa baba yako hautaiponya. Lakini huwezi kumwambia mtu "haina maana".

Tena uliza alivyopimwa hiyo akili. Vipimo vingi humtaka mtu asome, anakili mchoro, achore saa. Asiyeona hupoteza alama hata kama akili yake ingekuwa salama. Kipimo cha kumbukumbu na akili kiitwacho MoCA, kwa mfano, kina toleo la wasioona lililoondoa sehemu hizo. Omba arudiwe kwa toleo hilo.

Maswali ya kweli kuhusu upasuaji ni mengine. Je, anaweza kulala chali akatulia, kwa kawaida chini ya nusu saa, akiwa amechomwa ganzi ya jicho tu? Kama hawezi, usingizi kamili una hatari gani kwake, hasa ya kuchanganyikiwa baadaye? Nani atakaa naye siku za mwanzo asifikiche jicho, na nani atamwekea matone kwa wiki kadhaa? Mkishapata majibu ya hayo, ombeni rufaa kwa daktari mwingine wa macho, na mmoja wenu aingie naye chumbani tangu mwanzo, amshike mkono, sauti anayoijua iwe karibu na sikio lake.