Karatasi ya kaka: binti aliyeolewa na shamba la baba

SWALI: Baba alifariki mwaka jana bila wosia, mama alimtangulia. Shamba la ekari mbili bado liko kwa jina la baba. Tuko watano: wavulana watatu, na sisi wasichana wawili tumeolewa. Kaka mkubwa ameleta karatasi tutie saini na anasema mwanamke hurithi kwa mumewe. Barua ya chifu nayo ina majina ya wavulana pekee. — Msomaji, Butere

JIBU: Kalamu iweke chini kwanza, uangalie namba ya fomu hiyo ya mahakama. Fomu 38 inasema umekubali kaka awe msimamizi wa mirathi, haikunyang'anyi chochote. Fomu 37 ndiyo yenye makali, kwa kuwa inakubali mgao wenyewe. Ukiitia saini na jina lako halimo kwenye mgao, kulirudisha ni kazi ngumu.

Kuhusu hoja ya kaka, kifungu cha 38 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinawagawia watoto sawa kwa sawa pale ambapo marehemu hakuacha mwenzi. Hakitaji wa kiume wala wa kike, aliyeolewa wala asiyeolewa. Hapo kila mmoja ana ekari 0.4. Hoja hiyo hiyo ya "wataolewa" ilikataliwa na Mahakama ya Rufaa kule Eldoret mwaka 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, na Katiba ya 2010 ikaongeza kwamba mila inayopingana nayo ni batili. Kama baba alikuwa Mwislamu, mambo ni tofauti: mgao hufuata sheria ya Kiislamu.

Sasa kimbia na karatasi. Rudi kwa chifu na cheti chako cha kuzaliwa, uombe barua yenye majina yote matano, kwani barua yenye majina pungufu ndiyo mlango wa wizi huu. Fanya sachi, yaani uchunguzi wa rejista, kwa namba ya shamba katika ofisi ya ardhi, kisha uweke zuio la kusimamisha uhamisho wa shamba ukieleza kwa kiapo kwamba wewe ni mrithi. Chunguza Gazeti Rasmi la serikali: ombi la kaka likichapishwa, una siku 30 za kupinga. Ukichelewa, bado kuna hatua ya kuthibitisha usimamizi, ambayo kwa kawaida huja baada ya miezi 6. Hapo unawasilisha kiapo cha kupinga mgao.

Kama yote yamepita bila wewe kujua, kifungu cha 76 kinaruhusu usimamizi ufutwe kwa sababu mrithi alifichwa. Ombi ni Fomu 107. Lakini usilale. Shamba likishauzwa, kifungu cha 93 humlinda mnunuzi, na hapo unabaki kumfukuzia kaka pesa. Na yeye akiuza kabla hata ya kupewa usimamizi, kifungu cha 45 kinamngoja: faini hadi shilingi 10,000, jela hadi mwaka 1, au vyote viwili.

SWALI: Mwenye ploti Nakuru amekataa kunipangisha kwa kuwa nalea mtoto peke yangu. Si nyumba ni yake? — Msomaji, Lanet

JIBU: Ni yake, ila ibara ya 27(5) ya Katiba inamkataza mtu binafsi, si serikali tu, kubagua kwa misingi kama hali ya ndoa, kabila au ujauzito. Akikataa kwa sababu huna malipo ya mwezi wa kwanza, huo si ubaguzi. Kwa hiyo ushahidi ni sababu aliyoitoa: hifadhi ujumbe wake wa simu, andika tarehe na jina la shahidi, kisha ulalamike kwa maandishi kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Kama angetaja kabila, ungeenda kwa Tume ya Uwiano na Utangamano.