Tulimsema Bure Kijana wa Sabufa

Mkiwa wapangaji sita kwenye mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kila mmoja anaamini yeye ndiye anayewabeba wenzake. Nimeishi kwenye nyumba ya hivyo, Tandika, Dar es Salaam, miaka minne, na niliyeamini hivyo kuliko wote ni mimi.

Tulikuwa tunanunua kwa zamu, kila chumba elfu kumi kwa mwezi. Uniti moja kwa bei yetu ni kama shilingi 356, kwa hiyo elfu kumi inaleta uniti 28 hivi. Zikiwahi kuisha hatukuhangaika kutafuta mchawi. Kijana wa chumba cha tano ana sabufa, jioni mabati yanatetemeka, nani mwingine? Nilimsema mimi, tena uani, mama zetu wakiwa wanakaanga samaki: "Kaka, huo mziki wako tunaulipia wote." Akapunguza sauti, hakunijibu.

Jumapili moja sina hili wala lile, nikaanza kugeuza vifaa vyangu na kusoma vile vibandiko vya nyuma. Hita yangu ya maji, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo, wati 1,500. Naichomeka dakika 20 asubuhi, 20 usiku. Hiyo ni uniti moja kwa siku. Kwa mwezi 30, yaani shilingi 10,680. Maji yangu ya kuoga tu yalikuwa yanameza zamu yangu yote na chenji inadaiwa. Taa, feni na pasi nilikuwa nawashiwa na majirani. Sabufa ya yule kijana nilikuja kuiona baadaye, wati 50. Aipige kwa saa tano kila siku, mwezi mzima haifiki shilingi 2,700.

Tulikuwa tunahukumu kwa masikio. Umeme unaliwa na vitu vya joto, hita, pasi, birika, jiko, na joto halina kelele. Kwa hiyo ndugu yangu uliyepanga, kabla ya kikao cha uani soma kwanza vibandiko vya chumbani kwako. Halafu fungueni daftari, kila mtu aandike vifaa vyake na muda anaoviwasha, mgawane kwa hesabu hiyo badala ya kugawana kwa milango. Msitegemee ukweli wote (pasi yangu niliiandikia nusu ya muda, nakiri). Ajabu ni kwamba mama mwenye friji, anayeuza barafu, alikubali kutoa zaidi bila neno. Waliobishana mpaka saa nne ni sisi wa vitu vidogo vidogo. Mwenye nyumba akiruhusu mita ndogo kila chumba, changeni hata kwa mkopo, fundi aje.

Kuna jambo lingine dogo lenye fitina kubwa: kodi ya jengo, ile ya serikali. Kwa nyumba yetu ni shilingi 1,500 kwa mwezi, inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Mwenye zamu ya siku hiyo anapata uniti chini ya 24, wenzake 28. Tumewahi kukaa giza usiku wa tarehe moja, watu wazima sita, kila mmoja anaapa hana salio. Saa sita usiku barafu za watu zinayeyuka na hakuna anayetikisika. Kodi yenyewe ni ya kulipwa na mwenye nyumba, lakini miaka yote tulikuwa tunaviziana sisi kwa sisi badala ya kumfuata yeye. Tulipomfuata na risiti za mwaka mzima alinuna, kisha akakubali tukate kwenye pango.

Yule kijana nilimwomba radhi. Alicheka, akasema alijua siku nyingi kuhusu hita yangu, maana kila nikiichomeka taa yake inafifia.

Mwezi uliopita amehama. Aliyechukua chumba kaja na jiko la umeme la sahani mbili, na daftari nimempelekea kabla hajashusha godoro.