Kwa Anayetaka Kutengeneza na Kupuliza Baragumu la Pembe

Wengi wanaonijia wakitaka kujifunza baragumu huwa wamekwisha kulitamani lile la tandala, lenye mizunguko ya kupendeza na mlio unaofika mbali, ambalo Wamaasai hulipuliza kuwaita morani kwenye eunoto, sherehe ya morani kuhitimu na kuingia utu uzima. Mimi huwashauri waanze na pembe ya ng'ombe. Pembe ya tandala ni nyara, na kuwa nayo bila kibali ni kosa la jinai Kenya na Tanzania pia. Pembe ya ndovu ndiyo usiiguse kabisa, kwani biashara yake ya kimataifa iliamuliwa ipigwe marufuku mwaka 1989. Anayetaka kuona ufundi wa wazee wetu ulifika wapi na aende makumbusho ya Lamu, akaitazame siwa, yaani baragumu kubwa la watawala, ya kisiwa cha Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, yenye urefu unaozidi mita 2, pamoja na siwa ya shaba ya Lamu yenyewe.

Pembe ya ng'ombe hupatikana machinjioni kwa bei ndogo. Chagua ya ng'ombe aliyekomaa, nzito mkononi, isiyo na ufa. Wasomaji walioko Ulaya wafahamu kwamba pembe za kulungu wa huko hazifai, kwa sababu ni mfupa mtupu na hazina uwazi ndani. Ya ng'ombe ni ganda la kitu kilekile kinachofanya kucha zetu, lililovikwa juu ya kiini cha mfupa, na kazi yako ya kwanza ni kukitoa kiini hicho. Ichemshe nje ya nyumba, mbali na majirani, maana harufu yake ni kali, mpaka mfupa ulegee na kuchomoka. Kisha ioshe na kuianika kivulini hadi ikauke kabisa, kwani jua kali huipasua.

Sasa inakuja hatua inayohitaji utulivu kuliko zote, nayo ni kutoboa. Uwazi wa ndani haufiki kwenye ncha. Sentimita kadhaa za mwisho ni pembe iliyojaa. Ingiza waya mpaka ukwame, uutoe, uupime kwa nje, kisha utie alama pale uwazi unapoishia. Wayahudi hukata ncha na kupuliza shofari yao kutoka mwishoni, na wale wenye asili ya Yemen hutumia pembe ndefu ya tandala. Katika sehemu kubwa ya Afrika tundu hutobolewa ubavuni, na siwa zetu hupulizwa hivyohivyo. Nimejaribu namna zote mbili, nami napendelea ubavuni, kwa kuwa ncha yote hubaki, na fundi anaweza kuitoboa kitundu kidogo cha kuzibwa kwa kidole gumba, akapata sauti ya pili. Anza kwa keekee, karibu na ile alama lakini upande wenye uwazi, kisha ulipanue tundu kwa tupa hadi liwe la mviringo mrefu unaotosha midomo yako. Laini kingo kwa msasa, na funika pua na mdomo wakati wote, maana vumbi la pembe linadhuru mapafu.

Katika kupuliza, kosa la wanafunzi wengi ni kutia nguvu ya kifua. Baragumu halina ulimi kama zumari. Kinacholia ni midomo yako, na pembe hukikuza kile midomo inachokipa. Funga midomo, uache upenyo mdogo katikati, uitetemeshe kwanza bila pembe. Ukishaweza hivyo, iweke kwenye tundu bila kukandamiza. Siri hii ni ya kale mno: katika pango la Marsoulas, Ufaransa, ilipatikana kombe kubwa la baharini lililokatwa ncha yapata miaka 18,000 iliyopita, na mwaka 2021 watafiti walieleza jinsi mpuliza tarumbeta alivyolipuliza likatoa sauti tatu.

Baada ya kupuliza, futa unyevu wa ndani na paka mafuta ya nazi kidogo kwa nje. Ikague mara kwa mara, kwa sababu barani kwetu wako nondo ambao viwavi wao hula pembe.

Usilidai baragumu moja likupe wimbo mzima. Pembe fupi ina sauti moja, pengine mbili, na wapigaji wa amakondere, mabaragumu ya Uganda, walilijua hilo zamani: kila mmoja hushika sauti yake na kuitoa zamu yake inapofika, na wimbo huzaliwa kati yao. Kwa hiyo tafuta wenzako watatu au wanne, mtengeneze pembe za urefu tofauti, ndefu kwa sauti nzito na fupi kwa nyembamba. Ikibidi kupandisha sauti ya mojawapo, ipunguze kwa msumeno upande wa mdomo mpana, kidogo kidogo, na uipulize kila baada ya kukata, kwani kilichokatwa hakirudishiki.