Marehemu hazaliwi

SWALI: Bibi yetu mzaa mama amefariki dunia, na tunaandaa kijitabu cha kugawa kwenye hitima ya arobaini. Kaka yangu anataka tuandike "Hayati Bibi", mjomba anashikilia "Marehemu Bibi". Lipi sahihi? Halafu Bibi alikuwa na vichekesho vyake ambavyo ukoo mzima unavijua, lakini mjomba amevifuta vyote akisema havifai kwenye wasifu wa marehemu. Nakuambatanishia rasimu yake.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Poleni sana kwa msiba. La kwanza halina kazi. Marehemu limetoka Uarabuni, maana yake aliyerehemewa. Ni ndugu wa rehema, na ndani yake mna dua. Hayati nalo ni la ukoo wa hai na uhai, na ndilo tunalompa mtu aliyekwisha kufa, lugha ina mambo yake. Kwa mazoea tumewawekea wakubwa: Hayati Mwalimu Nyerere, aliyefariki dunia London mwaka 1999, Hayati Mzee Karume, na kwa jirani zetu Hayati Mzee Jomo Kenyatta. Sarufi haimnyimi bibi yako cheo hicho, ila wapita njia watadhani alikuwa waziri. Kwa hili mjomba kashinda, apewe soda.

Akishaimaliza, akae nimweleze kuhusu rasimu yake. Inaanza hivi: "Marehemu alizaliwa mwaka 1938. Marehemu alisoma hadi darasa la nne. Marehemu alifunga ndoa na marehemu mzee wetu mwaka 1956, na katika ndoa hiyo marehemu walijaliwa watoto saba."

Jamani! Shehe aliyefungisha ndoa hiyo alikuwa na moyo. Bibi harusi marehemu, bwana harusi marehemu, na bado watoto saba wakapatikana. Najua mjomba hakuyabuni mwenyewe. Kila msiba hapa nchini una mtu wa kusimama na karatasi na kusoma hivyohivyo, na waombolezaji wameshazoea kumsikia marehemu akibatizwa, akihitimu, akihamishiwa Tabora kikazi na kustaafu kwa heshima. Nimewahi kusikia kwamba "marehemu alikuwa akiamka mapema kuliko wote nyumbani". Ningekuwa mpangaji wa nyumba hiyo ningehama siku ileile.

Neno hili linamfaa mtu baada ya kufa. Mwili wa marehemu, mirathi ya marehemu, marehemu atazikwa kesho baada ya sala ya adhuhuri: hapo limekaa mahali pake. Aliyezaliwa mwaka 1938 alikuwa mtoto mchanga, akaitwa jina. Aliyeolewa alikuwa msichana. Aliyewalea ninyi alikuwa Bibi. Mtaniambia ni heshima. Heshima gani ya kumvika mtu sanda tangu siku anazaliwa? Kiswahili kilikuwa na heshima zake kabla ya mashine za kudurufu: Bibi, Mama, Mama Fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza. Andikeni "marehemu" mara moja juu ya jalada, kisha mumwache bibi yenu aishi kurasa zote zilizobaki.

"Enzi za uhai wake" nimeliona pia, aya ya pili. Enzi asili yake ni utukufu na utawala, ndiyo iliyomo ndani ya Mwenyezi, lakini siku hizi ni zama tu na mimi nimechoka kugombana. Pita nalo.

Sitalipitisha hili: "Marehemu alikuwa mcheshi na mtu wa watu." Hiyo ndiyo sentensi mjomba aliyoibakiza baada ya kufuta vichekesho vyote. Mcheshi kwa lipi? Alisema nini, nani akacheka? Kwenye barua yako umeniandikia kwamba muuguzi alipomuuliza umri, Bibi alijibu: "Upi, wangu au wa kitambulisho?" Sasa mwambie mjomba aurudie ule mwaka 1938 wake tuone kama mjukuu hata mmoja atajizuia kucheka. Umeniandikia pia lile la "Mimi sijazeeka, nimekaa sana." Tazama alivyolitumia kaa: ni kuketi, ni kuishi mahali, ni kudumu, na vyote vitatu vilimhusu mwanamke aliyekuwa akishinda barazani akikagua nani kapita na nani. Mtaalamu wa lugha alikuwa yeye, mimi ninalipwa tu.

Na huyo mjomba anayesema vicheko havifai msibani, kwao watu huzikwa na nani? Watani walikuwepo kabla ya wasifu. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, kisha wakageuka watani, na utani huo msibani ndiko unakokolea. Mtani anajifunga kanga ya aliyefariki, anashika mkongojo wake, anatembea kama yeye, anawagombeza wafiwa kwa sauti yake, na wakati mwingine hachukui hatua nyingine mpaka alipwe. Wanaolia wanacheka, wanafuta kamasi, wanaendelea kulia. Hakuna mzee aliyewahi kumwambia mtani kwamba amekosea wasifu.

Kwa hiyo rudisheni vichekesho, tena kwa maneno yake mwenyewe ndani ya alama za kunukuu, bila kuvinyoosha viwe Kiswahili cha ofisini. Kama alitukana kidogo, tumieni busara. Shehe naye atapewa nakala.

Lile "pengo lisilozibika" la mwishoni ningependa lifutwe, lakini msijisumbue. Mjomba atalisema tu akishikishwa kipaza sauti.